NANI AMPELELEZE MWENYE FUNGUO?



Wako watakaouliza kwa nini gazeti la chama, lenye karatasi chache na wino wa kuhesabu, litumie kurasa zake kuzungumzia Kasulu na Kibondo, wilaya za nyanda za juu za Kigoma zinazopakana na Burundi, ilhali Unguja na Pemba zina madhila yake yasiyokwisha. Jawabu letu ni fupi. Mwanzo wa mwaka 2001, baada ya risasi za tarehe 27 Januari, watu zaidi ya 2,000 wa visiwa hivi, wengi wao wa Pemba, walivuka bahari kwa vyombo vidogo wakenda Shimoni katika pwani ya Kenya. Wakalala chini ya maturubai, wakapanga foleni kungojea chakula, wakaandikwa majina yao na watu wasiowajua. Aliyewahi kupanga foleni ile hana haja ya kufundishwa maana ya kuishi chini ya mkono wa mtu mwengine. Ndiyo maana yaliyowapata Warundi na Wakongo huko Kigoma hatuyaiti mambo ya Bara.

Basi tuanze na Kasulu. Mwezi wa Mei 1999 kundi la wanawake wakimbizi wa Kirundi, wakikadiriwa kufika hamsini, walitoka kambini kutafuta kuni na majani. Walivamiwa na wanaume wa vijiji vya jirani, zaidi ya mia moja kwa mujibu wa khabari zilizokusanywa na shirika la Human Rights Watch, wakabakwa. Ilisemwa kuwa wanavijiji wale walikuwa wakilipiza kisasi cha mwalimu wa skuli aliyekufa. Wanawake hawakunyamaza. Wanaume kumi na mmoja wakakamatwa na kushtakiwa. Kisha kesi ikafutwa. Haikufutwa kwa kuwa mahkama ilisikiliza ushahidi ikaona washtakiwa hawana hatia, wala kwa kuwa mashahidi walijikanyaga katika maneno yao. Ilifutwa kwa sababu mwendesha mashtaka alichelewa kufika mahkamani.

Ndugu, lisome tena neno hilo. Wanawake wale walijikaza katika nchi ya ugeni, kwa lugha isiyo yao, wakalitaja jambo ambalo mwanamke wa kwetu huweza kulificha hata kwa mama yake mzazi. Na Serikali nzima, pamoja na polisi wake na waendesha mashtaka wake, ikashindwa kuamka mapema siku ya kesi.

Waliotenda uovu ule hawakuwa askari wala watumishi wa kambi. Walikuwa raia wa vijijini, na twalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kutushika uwongo. Lakini fikiri. Ikiwa kesi yenye walalamikaji wengi namna ile, na washtakiwa kumi na mmoja tayari mkononi, ilianguka kwa jambo la saa, itakuwaje kesi ya mwanamke mmoja, asiye na shahidi, anayemlalamikia mtu yule yule anayemfungia mlango usiku? Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya huyo mwenye funguo, na juu ya yule anayepaswa kumpeleleza.

Mwenye funguo si askari wa gereza peke yake. Mwisho wa mwaka 1997 jeshi liliwakusanya Warundi kwa maelfu na kuwatia kambini, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kaa vijijini Kigoma miaka mingi, wameoa, wamelima, wamezaa. Kanuni ikawa kwamba mkimbizi asivuke kilomita nne kutoka kambini bila ya ruhusa. Anayevuka aweza kukamatwa na kufungwa. Ndani ya mpaka huo anakula kwa kadi, na chakula chagawiwa na mkono wa mwengine. Kibali cha kutoka kiko kwa mwengine. Jina lake katika daftari la kuhamia nchi ya mbali liko kwa mwengine. Sisi twasema kwamba mtu wa namna hiyo yumo kizuizini, hata kama hapana ukuta wala nondo. Na palipo na kizuizi, yule anayeshika kadi, kibali au daftari ameshika funguo, awe amevaa sare au fulana ya shirika la misaada.

Mwaka 1997 shirika la International Rescue Committee lilitoa uchunguzi wake juu ya kambi ya Kanembwa, ambayo wakati ule ilikuwa katika wilaya ya Kibondo na ambayo ardhi yake siku hizi imo katika wilaya ya Kakonko. Katika wanawake na wasichana 3,803 wa umri wa miaka 12 hadi 49, kiasi cha asilimia 26 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia tangu waikimbie nchi yao. Wengi wa waliotenda hayo hawakupata kuulizwa hata jina.

Atakayesema kuwa hayo ni ya zamani na asome ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2020. Imeeleza kwamba tangu mwisho wa mwaka 2019 Warundi wasiopungua kumi na mmoja walichukuliwa na polisi na maofisa wa usalama, wakawekwa katika kituo cha polisi Kibondo, wengine kwa wiki kadhaa, na kwamba wanane miongoni mwao walikabidhiwa kwa Burundi. Waliohojiwa walieleza kupigwa, kutiwa umeme, na kupakwa pilipili usoni na sehemu za siri. Hizo ni tuhuma, nasi hatukuwamo chumbani. Lakini tuhuma huchunguzwa. Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la wanawake tu: anayempaka mahabusi pilipili mahali pale, awe mahabusi huyo mwanamume au mwanamke, amefanya uchafu wa kijinsia kwa nguvu ya cheo chake, na kuuita mahojiano hakuusafishi.

Sheria ipo, na hapo ndipo ajabu ilipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, mwaka mmoja kabla ya yale ya Kasulu. Kwa sheria hiyo, inayotumika Bara, adhabu ya kubaka ni kifungo cha maisha, na kwa hali yoyote kisipungue miaka thelathini. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, au mtu akiwa amezuiliwa kinyume cha sheria, haihesabiwi kuwa ridhaa. Haihitajiwi alama ya jeraha mwilini kuthibitisha kuwa mwanamke hakuridhia. Tena sheria inamtaja kwa wazi mtu mwenye mamlaka anayetumia cheo chake, na mtumishi wa mahabusi au mahali pengine pa kuwekea watu anayembaka mwanamke aliyewekwa humo. Hata hivyo waandishi wa sheria waliacha tundu. Wamesema mtumishi huyo awe ametumia nafasi yake na awe amebaka. Kwa hivyo wakili wake ana nafasi ya kusimama na kudai kuwa mfungwa mwenyewe alitaka. Ingelitosha kusema kwamba mwenye funguo hana ridhaa ya kuipokea kutoka kwa aliyefungiwa, basi, yamekwisha. Na kifungu hicho kinamzungumzia mwanamke tu.

Lakini tundu la sheria ni dogo mbele ya tundu la upelelezi. Nani anampeleleza askari? Katika Tanzania polisi, magereza na idara ya wakimbizi vyote vimo katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mkuu wa kambi, polisi wa kambi, na bwana jela wa wilaya, hao watatu wana waziri mmoja. Mkimbizi wa Nyarugusu au wa Nduta anayemlalamikia mmoja wao hulazimika kumwendea ndugu yake. Akitaka kutibiwa kama mtu aliyedhuriwa, desturi ni kutakiwa kwanza fomu ya PF3, na fomu hiyo hutolewa na polisi. Je, aende kuiomba kwa rafiki wa aliyemdhuru? Wazee wetu walikwisha sema juu ya kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Ama dawa inayopendwa na wakubwa sote twaijua: ni uhamisho. Askari ananong'onezwa, anafunga sanduku lake, anapelekwa wilaya nyengine, na huko anakabidhiwa funguo nyengine. Daftari linaandikwa kuwa shauri limekwisha.

Sisi twasema kwamba upelelezi wa kosa hili ni ufundi wa peke yake, na ufundi hufundishwa. Polisi aliyezoea kesi za wizi wa ng'ombe hawezi kuokota ufundi huo njiani. Katika wizi, mlalamikaji yuko huru na mwizi anajificha. Katika kosa hili mwizi yuko huru tena ana amri, na mlalamikaji ndiye aliyefungiwa. Kila hatua ya kawaida ya upelelezi humgeukia mwenye kudhulumiwa. Mpelelezi asiyefundishwa humwita mwanamke ofisini mchana, mbele ya wenziwe, na jioni gereza zima limejua. Humhoji mara tano, na kila safari maneno yakitofautiana kidogo husema anadanganya. Humhamisha yeye kwa kisingizio cha kumlinda, akamtoa kwa watoto wake na kwa wenziwe, na askari akabaki katika zamu yake akiwatazama mashahidi waliobaki. Aliyefundishwa hufanya kinyume: mwenye kuondolewa ni mtumishi, siku ile ile, kabla ya swali la kwanza.

Kisha kuna madaftari. Hapa ndipo tutakapokaa kidogo, kwa sababu watu hudhani kwamba kosa la chumbani halina ushahidi ila neno la huyu na neno la yule. Si kweli. Nyumba ya kufungia watu huandika sana kuliko nyumba nyengine yoyote. Kuna daftari la lango, la funguo, la zamu, la kuhesabia wafungwa asubuhi na jioni, la wagonjwa waliopelekwa zahanati, la kazi za nje. Kambini kuna orodha ya mgao, vibali vya kutoka, na majina ya waliopewa ajira ndogo ndogo. Mwanamke akisema aliitwa ghalani usiku wa Jumanne, daftari la zamu litaeleza nani alikuwa na ufunguo wa ghala. Akisema alipewa mgao wa pili, orodha itaonesha. Ukimkuta mtumishi mmoja anabadilisha zamu yake kila mara apate usiku wa upande wa wanawake, umepata uzi wa kuvuta. Lakini madaftari hayo yako mikononi mwa wenye kutuhumiwa. Mpelelezi asipofika siku ya kwanza akayatia muhuri, siku ya tatu atakuta ukurasa umechanwa, au chai imemwagika juu yake.

Mwili na nguo navyo vina saa zake. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72. Nguo ikaushwe na kutiwa katika mfuko wa karatasi. Ikitiwa katika mfuko wa nailoni ikiwa mbichi itaoza, na ushahidi utaoza nayo. Nani huko Kibondo au huku kwetu Wete alimfundisha askari wa kituo jambo dogo kama hilo?

Na kuna lugha. Mrundi akihojiwa kwa Kiswahili atasema nusu ya aliyokusudia. Akipewa mkalimani ambaye ni karani wa ofisi ile ile, hatasema hata hiyo nusu. Lakini Mwenyezi Mungu amewajaalia watu wa Kasulu na Kibondo lugha ya Kiha, ambayo ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Mwanamke wa Kiha aliyesoma, akafundishwa ufundi huu, angemsikia Mrundi pasipo na mtu wa tatu baina yao. Hazina hiyo imo wilayani, haihitaji ndege wala fedha za wafadhili.

Jambo jengine ni la mahkama, nalo ni la hatari. Mtumishi akitakiwa na mkubwa wake kujieleza, na akikataa atafukuzwa, maelezo yake ni ya kulazimishwa. Mshitakiwa anayeonywa na polisi kisha akasema kwa hiari yake, maelezo yake ni mengine. Mkubwa wa kituo asiyejua tofauti hiyo humwita askari, humfokea, humwandikisha yote. Na siku ya kesi wakili husimama akasema maneno haya yalikamuliwa. Ushahidi ukatupwa, mtu akatoka akicheka. Ni kesi ya Kasulu tena, kwa mlango mwengine.

Wenzetu duniani wamekwisha jifunza haya kwa aibu. Mwaka 2002 ilifichuka katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone kwamba watumishi wa misaada walikuwa wakituhumiwa kuwataka wasichana kwa badali ya chakula. Umoja wa Mataifa ukatuma wapelelezi. Katika mashauri 43 waliyoyafuata, ni 10 tu yaliyopata ushahidi wa kutosha. Wengine walifurahi wakasema, kumbe yalikuwa porojo. Sisi twaona kuwa ushahidi uliochelewa kutafutwa, kwa watoto wenye khofu na njaa, hauwezi kuwa na sura nyengine. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa amri ya kuwakataza watumishi wake kumwingilia mtu wa chini ya miaka 18, au kutoa fedha, kazi au bidhaa kwa ajili ya tendo hilo. Na mwaka 2004 baraza la jumuiya za hiari lenye makao yake Geneva likaanzisha mafunzo khasa ya wapelelezi: namna ya kupanga uchunguzi, kuhoji bila ya kutia maneno mdomoni, kutunza siri, na kuandika ripoti.

Marekani ilipitisha sheria ya kuondoa ubakaji magerezani mwaka 2003, na kanuni zake za mwaka 2012 zinataka mpelelezi wa makosa hayo awe amepata mafunzo ya peke yake. Hata hivyo isitupumbaze. Katika gereza la wanawake la Dublin, huko California, bwana jela mkuu Ray Garcia alitiwa hatiani Desemba 2022 kwa kuwadhalilisha wafungwa wake, na mtu huyo ndiye aliyekuwa na dhamana ya kusimamia sheria hiyo hiyo gerezani mwake. Gereza likaja kufungwa mwaka 2024. Kwa hivyo tunapodai mafunzo hatudai semina ya siku mbili yenye chai na posho, anayekaa mstari wa mbele akiandika ni yule yule atakayetuhumiwa kesho. Twadai wapelelezi waliofundishwa na ambao si wa nyumba ile.

Sasa turudi kwetu. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizokubaliwa tangu 1957 na kutengenezwa upya mwaka 2015, zinasema kwamba funguo za upande wa wanawake zishikwe na mwanamke, na mtumishi wa kiume asiingie huko ila afuatane na mwenzake wa kike. Zanzibar tumeyapa magereza jina zuri, Vyuo vya Mafunzo. Hatuna ugomvi na jina. Tunauliza kuhusu funguo.

Na shida yetu ina pembe moja zaidi kuliko ya Kibondo. Polisi ni wa Muungano. Chuo cha Mafunzo ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mtu hukamatwa na hawa, akalala kwao usiku wa kwanza, kisha akakabidhiwa kwa wale. Akilalamika kuwa alidhalilishwa, kila mmoja aweza kumwonesha mlango wa mwenziwe. Mwaka 2001 wako wanawake wa Pemba waliodhalilishwa na vyombo vya dola katika siku zile za msako wa nyumba kwa nyumba. Ripoti zilizotoka mwaka 2002 zimesema hivyo. Ilikuja tume, ukaja muafaka, zikaja hotuba. Askari aliyesimamishwa kizimbani kwa kosa hilo hatujamsikia. Mwaka 2021 zikaanzishwa mahkama maalum za kesi za udhalilishaji, na jambo hilo twalisifu, maana si kila lifanywalo na Serikali ni baya. Lakini mahkama huhukumu kile alichokileta mpelelezi, na mpelelezi wa mtu mwenye sare hajapatikana.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo kwa mujibu wa Katiba, na inafanya kazi Zanzibar pia. Twataka iwekewe kikosi kidogo cha wapelelezi wa kosa hili, nusu yao wanawake, mmoja wao daktari, chenye uwezo wa kuingia kituo chochote, gereza lolote na kambi yoyote bila ya kubisha hodi siku moja kabla. Jalada lake liende moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, lisipitie meza ya waziri. Kwa Kigoma wafundishwe wanaojua Kiha na Kirundi. Kwa visiwani wafundishwe wanaojulikana na watu kwa uaminifu, si kwa kadi ya chama, hata ikiwa kadi hiyo ni yetu.

Wakati huo haujafika, matawi yetu yana kazi. Kila tawi lenye kituo cha polisi karibu nalo liwachague akina mama wawili wa kupokea khabari za ndugu waliokamatwa: nani alimpokea, saa ngapi, alilala chumba gani, nani alikuwa zamu. Waandike siku ile ile, kwa kalamu ya wino, na watie saini. Wasimtangaze aliyedhurika wala kumchukua jina lake hadharani. Atakayelisema jina hilo barazani tutamhesabu kuwa ameshiriki dhulma.

Na Wawakilishi wetu tunawaomba waulize swali moja katika Baraza, kwa maandishi, ili lijibiwe kwa maandishi: tangu mwaka 2001 ni malalamiko mangapi ya udhalilishaji yaliyofikishwa dhidi ya askari na watumishi wa Vyuo vya Mafunzo, nani aliyapeleleza, na mangapi yalifika mahkamani? Jawabu likija tutalichapa katika ukurasa huu. Lisipokuja, toleo lijalo litakuwa na nafasi tupu mahali hapa, na chini yake tarehe swali lilipopelekwa.